Nyumba Isiyokuwa na Mgonjwa

Mwezi uliopita nilimdanganya msichana mmoja mchana kweupe, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe. Jina lake Sharon. Alikuja na tableti iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua, akajitambulisha vizuri, akasema wanafanya utafiti wa afya kwa wote. Chai aliikataa mara ya kwanza, kama inavyotakiwa, nikammiminia, akanywa. Tukahesabu watu wa nyumba, ambao siku hizi ni mimi na mke wangu Rebecca tu, kisha akafika pale nilipokuwa nikimngojea.

"Kugo," akaniita, yaani babu, "katika wiki nne zilizopita, kuna mtu yeyote hapa nyumbani amekuwa mgonjwa ama ameumia?"

Nikasema, "Hapana. Sisi tuko sawa."

Akagusa kioo mara moja, na ukurasa ukaruka. Nilijua umeruka maswali gani, kwa sababu maswali hayo nimeyauliza mimi kwa miaka mingi, kuanzia Kipkelion hadi huku kwetu Kapkatet, nikiwa na ubao wa kuandikia na kalamu ya bluu. Ukweli ni kwamba tangu mwaka jana mkojo unanisumbua. Siwezi kumaliza ibada bila kutoka mara tatu, na nikitoka nasimama pale nyuma ya kanisa kama ng'ombe aliyepelekwa mtoni akakataa maji. Lakini Sharon ana umri wa wajukuu wangu. Ningeanzia wapi? Akamaliza, akanishukuru kwa ushirikiano, akaenda zake, nami nikabaki na vikombe viwili na aibu.

Kwa hiyo ninawaandikia ninyi, Sharon na wenzako mnaozunguka na tableti, na wengine mtakaoajiriwa kesho. Hakuna aliyeniomba ushauri. Nilipostaafu nilipewa blanketi na soda, wakasema wataniita siku moja niwafundishe vijana. Blanketi limeshachakaa na simu haijalia.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Serikali ikisema kila mtu atatibiwa bila kuuza ng'ombe wake, lazima mtu atoke akaulize kama ni kweli. Hospitali zina vitabu, ndiyo, lakini kitabu cha hospitali kinamjua aliyefika. Aliyebaki nyumbani hana kitabu chochote. Huyo ndiye tuliyekuwa tunamtafuta mlango kwa mlango: je, aliugua? Alitibiwa? Kama hakutibiwa, ni kwa nini? Na kama alitibiwa, nyumba ilibaki na nini? Ukijumlisha majibu ya nyumba nyingi unajua nchi imefika wapi. Hayo ni maswali manne tu, na nimeyakosea kwa kila njia ambayo mtu anaweza kukosea.

Aliyenifundisha ni msimamizi wetu, Nyaboke, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Baba yake alitoka Kisii kuja kuchuma chai, na yeye akazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa upande wa Kericho. Alijua lugha yetu ya Kipsigis kuliko vijana wetu wa mjini, na alinicheka sana kwa sababu nikiharakisha kusema "dawa" ilitoka "tawa." Alinicheka mbele za watu, akanirekebisha tukiwa wawili. Siku hizi naona wasimamizi wengi wanafanya kinyume.

Wiki yangu ya kwanza tulikuwa vilima vya karibu na Kapsoit. Nikarudi jioni na nyumba sita zilizojazwa vizuri, zote hazina mgonjwa. Nikadhani nitasifiwa. Nyaboke akazipitia, akauliza, "Wewe Langat, huko ulienda mbinguni ama Kapsoit?" Kesho yake akanirudisha hadi nyumba ya kwanza, kwa mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi. Hakuuliza habari za ugonjwa kabisa. Aliuliza ya majani ya chai.

"Mama, wiki hii umechuma siku ngapi?"

"Zote. Ila Jumanne na Jumatano niliacha kikapu, kifua ilikuwa inanichoma."

"Kwani ulikuwa mgonjwa?"

"Aa! Mgonjwa ni mtu amelala. Mimi nilikuwa naumwa tu."

Hapo ndipo nilipojua kwamba katika nchi ya chai, mtu hupimwa afya kwa kikapu. Ukiweza kuingia shambani asubuhi na kufikisha majani kwenye banda la kununulia, wewe ni mzima, hata kama umeingia ukitambaa. Basi msome swali jinsi lilivyoandikwa, hiyo ni sheria na ni sheria nzuri, lakini mkishajibiwa dodoseni. Kudodosa si kumwekea mtu maneno mdomoni. Ni kumuuliza aliacha kikapu siku gani, nani alikamua ng'ombe badala yake, na kwa nini mtoto hakwenda shule Alhamisi.

Na hizo "wiki nne" zenu, zitafsirini. Hakuna mtu huku anayehesabu wiki. Watu wanahesabu tangu shule zifunguliwe, tangu chai ya jirani ipogolewe, tangu harambee ya kanisa. Mzee mmoja aliniambia aliugua homa kali ndani ya hizo wiki nne, nikaandika kurasa mbili za mateso yake, ndipo mkewe akapita na ndoo akasema homa hiyo ilikuwa mwaka ule lori la majani lilipoanguka mtoni. Lori lenyewe lilikuwa limeshaota kutu.

Kule Kipkelion niliaibika zaidi. Nilikaribishwa mursik, na ninyi mnajua maziwa ya kibuyu hayapokelewi kwa mkono mmoja, basi nikaweka fomu juu ya ua wa boma ili nipokee kwa heshima. Ndama akala kurasa tatu. Sikutaka kumsumbua mwenye nyumba tena, nikakaa chini ya ua huo huo nikazijaza upya kutoka kichwani. Nyaboke alizitazama kidogo tu, akazirusha mezani.

"Hizi umetunga."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mahali umefuta. Nyumba ya ukweli lazima uandike, ukate, uandike tena." Akanirudisha Kipkelion kwa miguu yangu, na kila nilipoingia pale kwa miaka iliyofuata watoto waliniuliza kama ndama ameshiba.

Kitu kimoja alikisisitiza kuliko vyote ni pambizo. Fomu zetu zilikuwa za karatasi, na pembeni mwa kila ukurasa kulikuwa na nafasi nyeupe. Alitaka tuandike hapo kile tulichokiona lakini hatukukiuliza. "Fomu iko na masikio peke yake," alisema. "Macho ni yako." Pambizo zangu zilikuwa zimejaa. Mtoto ana tumbo kubwa. Choo kimeanguka. Baba anajibu, mama anatikisa kichwa nyuma yake. Wenzangu waliniita Karani wa Pembeni, na jina la Karani likanishika hadi kijijini. Tableti zenu ni nzuri. Hazilowi, hazilwi na ndama, na hazikubali mwanamume aandikwe ana mimba, jambo ambalo mimi niliwahi kulifanya. Lakini nimezitazama kwa makini na sijaona pambizo.

Sasa nifike kwa Bot Chebet, maana naona ninazungukazunguka.

Bot Chebet maana yake ni mama yake Chebet. Boma lake lilikuwa la mwisho kwenye kilima kimoja juu ya Kapkatet, mahali ambapo barabara inaisha na inabaki njia ya ng'ombe. Alikuwa mjane. Alikuwa na chai kidogo, ng'ombe watatu, na huyo binti yake Chebet, aliyekuwa amemaliza chuo cha ualimu. Na mtoto wa ndugu yangu, Kipngeno, alikuwa anamtaka Chebet awe mke wake. Mimi nilijua. Ndugu yangu alikuwa ameniambia Jumapili baada ya kanisa, akaniomba nijiandae kwa koito, siku ambayo wazee wa pande mbili hukaa kuzungumza mambo ya ndoa.

Wale mliozaliwa huku mnaijua desturi, lakini wageni niwaeleze. Kabla ya wazee kukaa, upande wa mvulana hutuma macho. Hakuna anayesema ametumwa. Shangazi atapita kuomba chumvi. Mjomba atapita akitafuta ndama aliyepotea, ingawa hana ng'ombe. Wanachotaka kujua ni kama ukoo ule una ugomvi, na zaidi ya hapo, ni ugonjwa gani uko katika boma hilo. Kuna kifafa? Kuna wazimu? Kuna kitu kinachotembea kwa damu? Kwa hiyo boma lenye msichana wa kuolewa huwa halina mgonjwa hata mmoja. Mwenye kikohozi huenda akakohoe katikati ya chai.

Sheria ya kazi yetu ilikuwa wazi: usiulize nyumba ya jamaa yako, mpe mwenzako. Mwenzangu Beatrice alikuwa ng'ambo ya bonde, na mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Mau. Nikajiambia kwamba hawa si jamaa zangu bado, kwamba sheria inasema jamaa, na mahari haijatoka. Vijana, ukiona umeanza kubishana na sheria namna hiyo, jua umeshaivunja.

Bot Chebet alinipokea kwa heshima iliyozidi. Kwa karani wa kawaida mtu huleta kigoda. Mimi nililetewa kiti chenye kitambaa. Alikuwa ametoka tu kuchuma, alama za mkanda wa kikapu bado ziko begani, na miguuni amevaa magambuti ya mpira. La kushoto lilikuwa limekatwa kwa kisu kuanzia juu hadi karibu na vidole, ili mguu uingie. Akakaa mbali nami, akauweka mguu huo nyuma ya kigoda. Lakini chumba kilikuwa kidogo, na harufu haifichiki nyuma ya kigoda. Niliijua harufu hiyo. Ni ya kidonda kilichofungiwa siku nyingi.

Nikasoma swali jinsi lilivyoandikwa.

"Hapa?" akasema. "Hapa hakuna ugonjwa. Hapa haijawahi kuwa na ugonjwa. Mama yangu alikufa akiwa na meno yake yote."

"Si wewe, si Chebet?"

"Hakuna. Hata leo asubuhi nimepeleka majani, uliza mtu yeyote."

Nikaangalia gambuti. Akaniona nikiangalia. Akamwita Chebet kwa sauti, "Letea Karani maziwa mengine," na alipokuwa akimwita alivuta shuka hadi ikafunika mguu.

Nikaandika Hapana. Fomu ikasema ruka, nikaruka. Niliruka kama alitafuta matibabu, na kama hakutafuta ni kwa nini, na ni mbali kiasi gani, na kama nyumba iliuza kitu. Kisha nikaweka kalamu pambizoni, na nakumbuka vizuri kwamba niliiweka, ncha ikagusa karatasi, ikaacha nukta ya wino. Nikafikiria Nyaboke akisoma "harufu ya kidonda, gambuti limekatwa," akauliza kwa nini sikudodosa, halafu ajue niliingia nyumba ya wakwe. Nikafikiria pia ndugu yangu, na maneno kutoka ofisini yakimfikia. Nikaiondoa kalamu. Nitawaambia na lililo baya zaidi: nilifurahi. Ilikuwa nyumba ya maswali machache, nikafika barabarani kabla ya mvua.

Ningefanya nini? Nimelijibu swali hili mara nyingi sana, na kila mara jibu ni dogo. Ningesema, "Mama, leo sikuja kwa mambo ya Kipngeno. Nimekuja kazini." Au ningesema kesho atakuja Beatrice, ambaye ni mwanamke, na ni wa ukoo mwingine, na hana mtoto wa kuozesha. Sentensi moja. Nilikuwa hodari wa kuwafungua watu midomo, hata wageni, lakini siku hiyo sikutaka mdomo ufunguke.

Baada ya wiki mbili tukakaa ofisini kupanga fomu kabla hazijafungwa na kupelekwa. Kulikuwa na mpango wa kuanzisha kliniki ya kuhamahama, hema moja na muuguzi na mashine za kupima sukari na presha, na fomu zetu ndizo zingeonyesha ianzie wapi. Nyaboke alikuwa amebandika ramani ukutani na kuipaka rangi kwa penseli za shule. Nyekundu ni pale watu wanaugua na hawatibiwi. Kijani ni pale hakuna shida. Kilima cha Bot Chebet kilikuwa kijani kibichi.

Nyaboke akazipitia karatasi zangu pole pole. Akasimama kwenye moja.

"Langat. Wewe wa kuandika kando mpaka nafasi inaisha. Hapa mbona hakuna kitu?"

"Hakukuwa na kitu."

"Mjane, amefika umri huu, anachuma peke yake, na hata mgongo haumuumi?"

"Ni wazima huko. Hewa ni nzuri."

Akaniangalia. Kalamu yake ilikuwa mkononi, na nilijua nikisema neno moja tu angeandika "irudiwe," na kesho yake mtu angepanda kile kilima. "Wewe ndiye ulitembea huko," akasema. "Hii kijani ni ya ukweli?"

Nikasema, "Ni ya ukweli."

Akageuza ukurasa. Aliniamini, kwa sababu tangu siku ya ndama sikuwa nimemdanganya tena, na mimi nikautumia uaminifu wangu wa miaka yote kununua uongo mmoja. Kliniki ikaanzia ng'ambo ya mto. Kwenye kilima kile ingewekwa katika uwanja wa shule ya msingi, ambayo Bot Chebet alikuwa anaiona kutoka mlangoni kwake.

Alianguka kabla ya mwisho wa msimu, pale pale kwenye banda la majani, kikapu kikiwa mgongoni. Vijana wa banda walipomvua gambuti, watu waliokuwa kwenye foleni walitoka nje. Kilikuwa kisiki cha chai. Alikuwa amekikanyaga kwenye shamba lililopogolewa, kikapenya mpira na nyayo, na hakusikia maumivu ya kutosha kumfanya ashtuke, kwa sababu sukari ilikuwa imeshaua hisia za mguu ule miaka kadhaa nyuma. Hayo daktari aliyaeleza baadaye. Hakuna aliyekuwa amewahi kumpima. Hospitalini wakaukata mguu chini ya goti. Ng'ombe wawili wakauzwa, na chai yake ikakodishwa kwa mtu mwingine aichume.

Sisemi ile kliniki ingeuokoa mguu. Sijui. Labda hata angelifikia hema angeogopa kuingia mbele ya watu, binti akiwa bado hajaolewa. Linalonikera moyoni ni hilo la kutojua, kwa sababu mimi ndiye niliyelipwa ili ijulikane.

Koito ilifanyika. Kuna waliosema tuondoke, ugonjwa huo unafuata damu, lakini Kipngeno akawaambia wazee anaoa Chebet, hajaomba kuoa mguu wa mama yake. Nilimpenda kijana huyo siku ile. Nilikaa na wazee wa upande wetu, nikala nyama, nikaongea maneno mazuri ambayo hata siyakumbuki. Baada ya chakula mtoto akaja kuniambia mama ananiita nyuma ya nyumba.

Alikuwa kwenye kiti kile kile chenye kitambaa, shuka mapajani, magongo yameegemea ukuta. Nikamsalimu jinsi mkwe anavyosalimiwa, kwa mbali kidogo na macho chini.

"Karani," akasema, "ile siku ulikuja na karatasi yako, mimi nilifikiria wamekutuma kuangalia boma."

"Najua, mama."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mguu uliona?"

"Niliona."

Upande wa mbele wa nyumba walikuwa wameanza kuimba. Sikuona hasira usoni mwake, na ningeshukuru kama ningeiona. Alikuwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakipo.

"Sasa mbona hukuniuliza mara ya pili?" akasema. "Mtu anakataa mara ya kwanza. Hata chai, mtu anakataa mara ya kwanza."

Nilisema nisamehe, akasema nimesamehe, na nadhani alisamehe kweli, maana kila Krismasi baada ya hapo alinitumia kibuyu cha mursik kupitia kwa Chebet. Nilikuwa nakinywa. Ningefanyaje? Lakini sijawahi kukinywa bila kuisikia harufu ya ule mguu.

Nyaboke nilimwambia siku alipokuwa anastaafu, tukiwa tunafunga vitu vyake kwenye sanduku. Nilimweleza yote, ya Kipngeno, ya kalamu, ya kijani. Aliendelea kukunja ile ramani yake. Nikadhani atanicheka, nikatamani anicheke. Alisema tu, "Ungeniambia, ningepanda mimi." Alikuwa na goti bovu tayari wakati ule, na najua angepanda.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini mwezi uliopita sikulala vizuri baada ya Sharon kuondoka, na safari hii haikuwa kwa ajili ya mkojo peke yake. Nilikuwa nimefanya kama Bot Chebet, na Sharon alikuwa amefanya kama mimi, ila yeye hana kosa. Hakukuwa na gambuti lililokatwa la kumwonyesha. Nilikuwa na kiti kizuri, shati limepigwa pasi, na sauti ya mzee aliyezoea kuaminiwa.

Siku ya soko nikaenda Kapkatet kutafuta mbegu za viazi, nikamwona Sharon amejikinga mvua na wenzake kwenye baraza ya kinu cha kusaga mahindi. Nikamsogelea. Nikamwambia kuna swali moja hakulimaliza kwangu.

"Gani, kugo? Nilimaliza yote."

"Lile la ugonjwa. Uliza tena."

Akacheka kidogo kwa adabu. "Lakini si ulisema hakuna?"

"Nilisema. Mtu husema hakuna mara ya kwanza."

"Kugo, form nishaituma. Iko kwa server sasa. Hata mimi siwezi kuifungua."

"Iache iende. Wewe uliza tu."

Akawatazama wenzake, akanitazama mimi. Kisha, na hapa ndipo nilipojua atakuwa karani mzuri kuliko mimi, aliiweka tableti ndani ya mkoba, akatoka barazani, akaja kusimama nami upande wa pili wa magunia, ambako hakuna mtu angetusikia. Mvua ikamlowesha bega moja. Akauliza kwa maneno yale yale, wiki nne zilizopita, kuna mtu yeyote. Nikamwambia. Nilimwambia nikiyatazama magunia, kwa sentensi fupi fupi, na jasho likinitoka kwenye baridi ile. Hakucheka. Alisema, "Pole sana, kugo," akaniambia daktari wa mambo hayo hukaa siku gani, na akauliza kama Rebecca anajua. Rebecca hakuwa anajua. Sasa anajua, na ameninunia kwa wiki nzima kwa kumficha. Nimeshakwenda hospitali mara moja, wamechukua damu, nasubiri kuitwa.

Lakini ile fomu imekwenda. Mtakapotangaziwa nchi imefika wapi, kumbukeni ndani yake kuna nyumba moja juu ya Kapkatet yenye wazee wawili wazima kabisa, na si kweli. Na iko fomu nyingine ya zamani, ya karatasi, imefungwa kwa kamba pamoja na zenzake katika stoo ambayo hata siijui. Bot Chebet tulimzika mwaka juzi. Huko stooni bado ni mzima, anachuma kila siku. Pambizoni hakuna neno, kuna nukta moja tu ya wino wa bluu, na kalamu ilikuwa yangu.